Mkaguzi na Picha ya Dohani

Wanaoniona leo nikishuka kwenye gari langu mbele ya duka langu la orofa mbili Kariakoo hudhani nilianza na mtaji. Nilianza na macho. Hayakuwa macho yangu, ingawa yangu ni mazuri hadi leo. Yalikuwa ya mzee mmoja wa Guangzhou tuliyemwita Mkaguzi. Akisema mzigo upite, ulipita. Akisema urudi, ulirudi, hata kama lori lilishawasha injini. Jina langu na majina ya wenzangu wengi yalikaa juu ya neno lake. Nilipogundua kwamba nyuma ya neno hilo hapakuwa tena na macho, suruali zangu za kwanza zilikuwa zimeshashonwa na zinamngojea yeye tu.

Alizaliwa wapi na nani alimzaa, sitasema, maana hata yeye hakusema. Ukimuuliza kwao, alikujibu kwao ni Xintang, kwenye mlango wa ghala. Xintang ni mji wa jeans. Karakana zimebanana huko, na mtu wa Dar, Mwanza au Unguja huagiza kwa simu akiwa amekaa dukani kwake. Lakini kabla robota hazijafungwa lazima asimame mtu mwenye sampuli mkononi, alinganishe mshono kwa mshono, rangi kwa rangi, kisha aseme ndiyo au hapana. Mtu huyo alikuwa yeye, kwa miaka mingi kabla mimi sijafika.

Mimi nilifika kwa ufadhili wa masomo, nikaumaliza, nikaongeza kwa jasho langu mwenyewe, nikapata diploma ya biashara na Kichina ninachokisema bila mkalimani. Ninaitaja diploma hii kwa sababu yeye aliitaja kila siku. Hakuwahi kuniita kwa jina. Aliniita Bwana Diploma, na kila alipolitamka alitulia kidogo, kama mtu aliyekuta jiwe kwenye wali.

Hakumpokea mteja yeyote kabla hajamkalisha mbele ya picha yake.

Picha hiyo ilitundikwa kwenye chumba chake Xiaobei, mtaa wa Waafrika pale Guangzhou, juu ya meza ya chai. Ilikuwa imechapwa kwa bamba la chuma mwanzoni mwa karne iliyopita, wino mweusi kwenye karatasi iliyogeuka rangi ya chai. Aliikuta kwa muuza vitu vikuukuu, imetumiwa kufunikia sanduku la saa mbovu. Inaonyesha mji wa viwanda ambao hakuna aliyewahi kulijua jina lake. Dohani zimepangwa toka upande hadi upande, nyingine nyembamba, nyingine nene kama minara, na kulia kabisa kuna kilima. Mbele yake kuna mto wenye matishari ya makaa, daraja la reli lenye matao, na chini ya daraja safu ya nyumba fupi za wafanyakazi. Katika ua wa nyumba moja mwanamke anaanika nguo. Juu ya vyote hivyo, moshi. Aliyeichapa alikuwa ameukwangua na kuuchora moshi ule kwa uangalifu zaidi kuliko alivyowachora watu. Pembeni kuna sahihi ya penseli isiyosomeka.

Mtihani ulikuwa huu: unatazama picha mpaka chai yako inyweke, kisha unaipa mgongo na kujibu. Mimi aliniuliza upepo unavuma kutoka wapi. Nikajibu bila kusita kwamba unatoka mtoni, kwa kuwa moshi umelalia upande wa nyumba.

"Dohani ya mwisho kulia?" aliuliza.

Sikuwa nimeiona. Moshi wa dohani ile ulilalia upande wa pili, peke yake, dhidi ya wenzake wote.

"Bwana Diploma," alisema, "cheti chako kilikaguliwa na nani?"

Wengine wakiulizwa hivyo walinywea. Mimi nilibisha. Nilimwambia dohani ile iko nyuma ya kilima, na nyuma ya kilima upepo hugeuka, kitu ambacho mtu yeyote aliyesoma jiografia anakijua. Tulivutana hadi chai ya pili. Mwishoni akanichukua kama mteja, akaniruhusu nimfuate kazini, na nina hakika alinichukua kwa sababu nilibisha. Hadi leo naamini nilikuwa sahihi kuhusu kilima.

Yeye kwake lile lilikuwa kosa la kiwandani. Aliihesabu picha ile kuwa bidhaa mbovu na alisema kama mchoraji angemletea mzigo wa namna ile angemrudishia. Hata hivyo, kila alipohama chumba aliibeba kifuani imefungwa ndani ya blanketi lake zuri, huku yeye akilowa mvua. Mkongo mmoja aliapa kwamba ni Ubelgiji. Muuza chai wa orofa ya chini alisema ni Ujerumani, kwa kuwa Wajerumani wanapenda matofali. Mkaguzi aliwasikiliza wote, kisha akasema mji hauna maana. Kinachotakiwa kujulikana ni nani alisimama mlangoni mzigo ulipokuwa unatoka. Alikuwa amemtafuta mtu huyo kwenye picha kwa miaka na hakumpata.

"Moshi wote huu," alikuwa akisema, "na mkaguzi hayumo."

Kazini alitisha. Nimemwona akimkatalia mwenye karakana robota nzima kwa sababu ya uzi uliochungulia kwenye zipu. Hakunywa chai ya kiwandani wala hakukalia kiti alichovutiwa na bosi. Alisema bosi akikuvutia kiti, kabla ya kukaa tazama anataka ukipe mgongo kitu gani. Kitambaa hakina undugu, alisema, na hakina Mungu wala Ijumaa, kwa hiyo mtu akikuapia juu yake muulize ana haraka ya nini. Wafagiaji wa Xintang walimpenda, na akipewa litchi na wafagiaji alizila palepale, maganda akayatia mfukoni. Akipewa na bosi aliziacha juu ya robota zioze. Ijumaa alikwenda kuswali, na nje ya lango la msikiti wafanyabiashara walimsubiri, kila mmoja na suruali yake ndani ya mfuko. Aliwapita wote bila kuitikia. Kisha aliwageukia barabarani, akawakagulia bure, huku akiwatukana kwa kumchelewesha.

Nguo zake mwenyewe zilikuwa aibu. Vifungo vya shati lake vilitoka kwenye mashati tofauti, na mwaka wa mwisho alikuja kazini na soksi za rangi mbili. Sisi tuliona ni dharau ya mtu mkubwa. Mwaka huohuo alianza kunishika bega tunapopanda ngazi za metro. Sikumwambia mtu, lakini nilijivunia. Katika watu wote wa Xiaobei, mzee yule mkali alikuwa amechagua bega langu.

Sasa nieleze majira yenyewe. Guangzhou, mwanzoni mwa mwaka, upepo wa kusini hurudi na unyevu wote wa bahari, na kuta hutoka jasho. Sakafu hulowa bila mvua. Viatu vilivyokaa kabatini siku chache huota manyoya ya kijani. Mwenye akili hufunga madirisha. Mkaguzi mwaka ule aliyaacha wazi.

Nilifika kwake nikiwa na Bi Viatu, mama wa Kizanzibari mwenye biashara ya viatu kule Liuhua, aliyemfahamu mzee kabla yetu wote na ndiye aliyempikia. Tulimkuta na mteja mpya, mwanamke wa Mombasa, ameshakalishwa mbele ya picha na kikombe mkononi. Nilitazama ukutani, kisha nikamtazama Bi Viatu.

Kuvu ilikuwa imeila picha. Ilikuwa imeanzia kwenye kona ya fremu, ikapanda, ikatandaza madoa meusi na ya kijivu juu ya mto, daraja na nyumba. Mwanamke wa nguo hakuwapo tena. Dohani mbili tatu zilichungulia kwa juu. Mtu asiyeijua picha ile angesema ni ukuta uliovuja.

Mkaguzi alikuwa amesimama kando yake, kidole juu ya kioo, anamweleza mgeni. "Hapa matishari yamejaa makaa. Hapa mama anaanika. Tazama alivyouchora huu mkono, utadhani anaishi." Kidole kilikwenda mahali sahihi kila mara, na kila mara chini ya kidole palikuwa na kuvu. Kisha akamgeuza mgeni na kumuuliza upepo unatoka wapi.

Mwanamke wa Mombasa alitutazama. Midomo yake ilifunguka. Bi Viatu aliwahi. "Unatoka mtoni, Mzee," alisema.

"Sikukuuliza wewe," alisema Mkaguzi, lakini kwa sauti ya mtu aliyeridhika.

Tuliposhuka ngazi, Bi Viatu alinishika mkono kwa kucha. "Umeona?"

"Nimeona."

"Basi hukuona. Mwanangu, yule ukimvua kazi umemvua nguo."

Nilimkumbusha kwamba mzigo wangu unakaguliwa wiki ileile, kwamba suruali zile ndizo zitakazofungua duka langu, na kwamba wateja wangu Dar wameshaambiwa wazisubiri. Akasema nimpeleke mkaguzi mwingine. Nikasema nikimpeleka mwingine soko zima litauliza kwa nini. Akasema basi nimwombe Mungu kiwanda kiwe na watu wema.

"Bi, mimi nina diploma ya biashara," nilimwambia. "Hatukufundishwa kuagiza mzigo kwa dua."

Alinitazama kama ananipima miguu. "Diploma yako haijawahi kupikiwa na mtu," alisema, akaenda zake.

Safari ya Xintang mzee alikuwa mchangamfu. Alinishika bega toka metro hadi mlangoni. Nilihisi kila kidole chake kupitia shati, na mara hii nilijua kila kidole kinatafuta nini. Mwenye karakana, laobanniang kama wanavyomwita mama bosi, alitoka nje kumpokea. Hilo sikuwa nimewahi kulifikiria: mabosi wa siku hizi walimpokea Mkaguzi kwa tabasamu. Zamani walimkimbia.

Robota zilikuwa zimepangwa hadi mlangoni, lori limeshafunguliwa nyuma. Alianza kazi. Nitakuwa mkweli, ilikuwa tamu kuitazama. Alivuta zipu, akakunja pindo, akatekenya mshono wa ndani kwa ukucha, akanusa kitambaa kama kimebaki na dawa. Mikono yake haikukosea kitu. Wafanyakazi walisimamisha mashine kumtazama. Kisha akaichukua sampuli, akaiweka kando ya suruali, akaziinamia zote mbili kwa muda mrefu mno.

"Keyi," alimwambia mama bosi. Inafaa. Kisha kwangu, "Ipite."

Wapakiaji waliinua robota ya kwanza.

Niliwaambia waiweke chini. Nilichomoa suruali moja katikati ya rundo, nikatoka nayo hadi penye mwanga wa mchana. Mguu wa kushoto ulikuwa buluu ya bahari. Wa kulia ulikuwa na ukijivu, kama umefuliwa na maji ya jana. Nikachomoa ya pili na ya tatu. Walikuwa wamekata mguu mmoja kwenye jora hili na mwingine kwenye jora lile, na baada ya kufuliwa kila jora likasema asili yake. Kosa la namna hiyo mtoto wa shule huliona akivuka barabara.

Mama bosi alinifuata nje. Aliongea Kichina, polepole, akidhani ananifanyia fadhila. Alisema mzee ameshapitisha, kwa nini ninapoteza muda wa lori. Nikamwonyesha miguu. Hakuitazama. Akasema viwanda vyote vya mtaa ule sasa vinawaambia wateja wa Kiafrika wamlete mzee huyu, na mimi niliyesoma nisijifanye sijui kwa nini.

Hakupunguza sauti. Mkaguzi alikuwa amesimama kizingitini, na Kichina chake kilikuwa kizuri kuliko changu. Hilo ninalikubali.

Mashine zilikuwa bado zimenyamaza. Alishuka kizingiti kwa kupapasa na mguu, mara yangu ya kwanza kumwona akipapasa waziwazi. Alinyoosha mkono nikampa suruali. Akaupitisha mguu wa kushoto katikati ya vidole, kisha wa kulia, kisha akarudia.

"Mkono hausomi rangi," alisema. Halafu akaniuliza kwa Kiswahili, "Anasema kweli?"

Nilijua ninaulizwa nini. Bi Viatu angekuwapo angejibu kabla yangu. Ningeweza kusema mwanamke huyu ana maneno mengi, rangi ni nzuri, twende nyumbani Mzee, halafu nikatafute njia nyingine ya kuukwamisha mzigo. Wapo walioniambia baadaye kwamba hivyo ndivyo angefanya mtu mwenye utu. Lakini aliyeniuliza alikuwa mkaguzi, na alikuwa ameuliza juu ya mzigo.

"Anasema kweli, Mzee. Miguu ni rangi mbili. Na picha yako nyumbani imeliwa na kuvu, imebaki dohani tu."

Alimgeukia mama bosi akamwambia kwa Kichina kwamba mzigo unarudi wote, hakuna robota itakayopanda lori, na suruali zitakatwa upya kwenye jora moja. Aliyasema kwa sauti yake ya miaka yote. Mwanamke alifungua mdomo abishe, kisha akamtazama machoni kwa mara ya kwanza, akawaita wapakiaji wafunge lori. Tukarudi Xiaobei. Kwenye metro hakunishika bega. Alishika nguzo.

Suruali zilikatwa upya. Zilichelewa, wateja walinung'unika, lakini zilipofika zilikuwa buluu moja toka kiuno hadi pindo, na duka langu lilifunguliwa kwa suruali hizo. Mtu akiniuliza kama najuta namwonyesha duka.

Bi Viatu alikaa muda mrefu bila kunisemesha. Yeye ndiye aliyempeleka mzee hospitali, na huko wakaambiwa ni presha ya macho, imeua mshipa wa nyuma, na mshipa huo haurudi. Kilichobaki ni mwanga na vivuli. Mimi nilitumia watu wangu nikampata fundi anayesafisha picha za kale. Aliitoa kwenye fremu, akaitazama kwa kioo cha kukuza, akakataa kazi. Alisema kuvu na moshi vimeshakuwa weusi mmoja. Akiondoa hiki ataondoa na kile. Tukairudisha ukutani ilivyo.

Nilimwona mara ya mwisho nilipokwenda kwenye maonyesho ya biashara ya Pazhou, palepale Guangzhou, msimu uliopita. Siku hizi naalikwa, siendi kwa kubahatisha. Nilipanda hadi chumba chake mchana, madirisha yamefungwa, amekaa mezani na simu mbele yake. Nilitegemea kukuta mtu aliyevunjika au mtu mwenye hasira na mimi. Nilikuta mtu mwenye kazi. Aliuliza ni nani, nikajitaja, akasema, "Bwana Diploma, umekuja wakati mzuri. Macho yako bado yanasoma?"

Akanieleza. Tangu atoke hospitali alikuwa akiwapigia wateja wote wa mwaka wake wa mwisho, mmoja baada ya mwingine, kuwaambia kwamba mizigo yao aliipitisha bila kuiona. Aliwakumbuka wote kichwani, nani aliagiza nini na karakana gani. Hakuhitaji mtu isipokuwa wa kumtafutia jina kwenye simu. Wengine walimfariji, akawakatiza. Wengine walimkatia simu. Bi Viatu alikataa kumsaidia. Alisema anajichuna ngozi mwenyewe. Nami nilimwambia hivyohivyo: aliyenyamaza amenyamaza, kwa nini umwamshe?

"Tafuta mama wa Mwanza," alisema.

Nikampata, nikapiga, nikaweka sauti ya nje. Mwanamke alipokea huku nyuma yake kuna kelele za soko.

"Mama, ni mimi Mkaguzi, wa Guangzhou."

"Unataka nini?" aliuliza.

"Zile jeans zako za mwisho. Nilizipitisha. Sikuwa nimeziona."

"Hukuziona vipi, na picha ulinitumia umesimama nazo?"

"Nilisimama nazo. Macho yalikuwa yameshakufa, nami nikaficha."

Kelele za soko zilisikika peke yake. Nilimtazama mzee, mikono yake ilikuwa imelala mezani, haitafuti kitu. Mwanamke aliporudi, sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Mzee, mimi nilisema umehongwa. Nimewaambia soko zima. Nimewaambia na wanaokuja huko kununua, wasikupe kazi, unakula na Wachina."

Nikaona damu inapanda usoni mwa mzee, na nikafikiri sasa ndiyo ataanguka. Alikuwa ameficha upofu ili alinde neno lake, na huku nyuma neno lake lilikuwa likiuzwa Mwanza pamoja na dagaa.

"Hongo sijala, mama."

"Sasa nitawaambiaje?"

"Waambie nilikuwa kipofu."

"Jamani. Hilo si jambo la kumtangazia mtu."

"Litangaze," alisema. Alikuwa amenyoosha mgongo. "Kesho, soko likishajaa. Anza na wale uliowaambia kwanza."

Mama alisema atafanya. Kisha akamuuliza kama ana mtu wa kumpikia, akajibu anaye, naye ana hasira. Simu ilipokatika, mzee alikaa akisikiliza upande wa ngazi, ambako majirani walikuwa wakipita na mizigo yao.

"Mlango uko wazi?" aliniuliza.

Nikamwambia umefungwa.

"Ufungue," alisema. "Halafu nitafutie wa Tanga."